Kuku Wawili na Gobori la Kuazima

Katika maisha yangu nimewahi kuwa mtaalamu kwa siku tatu. Siku ya kwanza nilibebwa mabegani. Siku ya pili nililetewa samaki. Siku ya tatu niliulizwa swali fupi mlangoni kwangu, nikalijibu. Tangu hapo hakuna aliyeniita mtaalamu, na mimi nimejitahidi nisionekane na kitu chochote cha kupimia mkononi.

Ilikuwa mwaka ule vita vya Maji Maji vilipoanza, nami nilikuwa na umri wa mtu aliyeoa juzi na anayejua kila kitu. Nilizaliwa Mbwera, huko mto Rufiji unakogawanyika kuingia baharini, ambako ukitaka kuazima chumvi kwa jirani unapanda mtumbwi. Baba alinipeleka chuoni, nikahifadhi juzuu chache na kujifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nausifu mwenyewe kwa kuwa waliokuwa wakiusifu wamekufa. Mwandiko huo ndio ulionipeleka Kibiti, ambako palikuwa na Mdachi mmoja aliyetumwa kuchunguza mbegu za pamba: ipi inapatana na udongo wetu, dawa gani inaua wadudu, maji kiasi gani yanatosha. Alitaka mtu wa kumwandikia vibao na kumwoshea makopo. Nikaajiriwa, nikahamia huko na mke wangu. Watu wakiniuliza kazi yangu niliwatajia vibao, makopo nikayaacha.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Alipanda pamba matuta mawili, udongo ule ule, mbegu zile zile, siku ile ile. Tuta moja akalinyunyizia dawa, la pili akaliacha. Baada ya majuma kadhaa anatazama. "Badili kitu kimoja tu," aliniambia kila siku kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Na kati ya jaribio na jaribio, osha chombo." Aliogopa masalia ya dawa ya kwanza yasije yakaingia katika dawa ya pili. Basi nikaosha makopo, vikombe na mirija mpaka vidole vikajikunja. Maneno yale mawili niliyahifadhi kama nilivyohifadhi juzuu zangu chuoni, yaani kwa sauti kubwa na bila kuuliza maana.

Jaribio la kwanza nililoliharibu halikuhusu vita. Mdachi alisafiri siku kumi akaniachia matuta mawili: moja nilimwagilie, jingine nisilimwagilie kabisa, ili ajue pamba inastahimili ukame kiasi gani. Siku ya nne majani ya lile tuta kavu yalianza kulegea. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga. Sikuweza kupita asubuhi nikaona mmea unakufa na ndoo ninayo mkononi. Watu wangesema nini? Nikalimwagilia kidogo. Kesho yake kidogo tena. Mdachi aliporudi alikuta matuta mawili yanapendeza sawasawa, akashika kidevu, akaandika sana katika daftari lake. Nilimtazama anavyoandika, nikanyamaza. Nadhani huko kwao wako watu waliosoma kwamba pamba ya Rufiji haihitaji maji. Nilicheka peke yangu kwa jambo hilo kwa muda mrefu, na haikunijia akilini kwamba kule kunyamaza kulikuwa tabia.

Mke wangu alikuwa mtu wa milima ya Umatumbi, kusini ya mto. Wazazi wake walikwisha kufa, na ndugu aliyebaki naye alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye shamba lake la mpunga bondeni, ila alikula kwetu. Alikuwa mrefu, mpole, mwingi wa utani, na mimi aliniita Bwana Kopo, kwa sababu siku moja alipita kwa Mdachi akaniona kazini. Nilimwomba asiwaambie watu. Aliwaambia wote.

Wakati huo akida alikuwa akiwalazimisha watu kulima pamba ya serikali kwanza, chakula chao baadaye. Siku moja shemeji alichelewa kufika kwenye pamba, kwa kuwa nguruwe walikuwa wameingia mpungani kwake. Akalazwa chini mbele ya watu, akapigwa viboko. Alirudi nyumbani akatutania kama kawaida yake, ila alikula amesimama siku tatu. Pamba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha mimi.

Ndipo yakaja maji. Yalitoka kusini, ng'ambo ya mto, kwanza kwa minong'ono, halafu akaja mtu mwenyewe. Aliyeyaleta kwetu alikuwa wa makamo, mtulivu, amebeba kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Alisema anayekunywa maji hayo na kunyunyiziwa, na akashika miiko yake, risasi za Wadachi zikimfikia zitageuka maji. Waliokunywa walijifunga mabua ya mtama kichwani, wakaanza kunoa mikuki. Akida alitoroka. Mdachi wangu alisikia uvumi, akaniambia anakwenda pwani majuma mawili, akaniachia ufunguo wa ghala la makopo. Sijamwona mpaka leo. Ufunguo ninao.

Shemeji alikunywa yale maji, akasema atakwenda vitani na wenzake. Siku hiyo hiyo mke wangu alinikalisha chini akanipa ugali na maneno pamoja.

"Mdogo wangu nnamjua," alisema. "Hendi kwa hasira tu. Ingekuwa hasira tu angekwenda siku ile aliyopigwa. Anakwenda kwa kuwa ameambiwa risasi haitamwingia. Ukimwonyesha kwamba itamwingia, atakaa."

"Nimwonyesheje?"

"Kwani wewe na Mzungu wako mlikuwa mkifanya nini siku zote hizo?"

Nilikaa vizuri. Tangu tuoane alikuwa hajawahi kuniuliza jambo la kazi yangu, na nilihisi kichwa kinavimba. Nikamweleza habari ya matuta mawili. Nikamweleza habari ya kubadili kitu kimoja tu. Nilieleza mpaka ugali ukapoa, na yeye, ambaye moyoni alikuwa na jambo moja, alingoja nimalize, akasema, "Basi fanya, bwana. Sina ndugu mwingine."

Nilimwendea yule mleta maji kumwomba tupige risasi kuku wawili, mmoja aliyenyunyiziwa maji yake na mmoja asiyenyunyiziwa, nikiwa nimetayarisha maneno ya kumwaibisha atakapokataa. Hakukataa.

"Jaribu," alisema. "Ila kuku hajui kushika miiko. Akifa, si kosa la maji."

"Na akipona?"

Alitabasamu tu. Ningekuwa na akili ningetambua pale pale kwamba mtu huyu anaijua kazi ya majaribio kuliko mimi.

Ugumu ulitoka msikitini. Kuku akipigwa risasi akafa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, haliwi, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na kuku wa kutupa. Wazee walikaa wakalijadili jaribio langu kwa kirefu, upande wa kitoweo peke yake. Ikaamuliwa mwadhini asimame karibu na kisu, na kuku akipigwa tu, akimbie amchinje angali na roho. Nikasema hapo tutakuwa tumeingiza kitu cha pili kwenye jaribio. Wakaniuliza kama mimi ni Mwislamu. Nikamwingiza mwadhini kwenye jaribio.

Gobori niliazima kwa mwindaji mzee wa viboko, jirani yetu, aliyekuwa amelala na homa. Alinipa bunduki, mdeki wa kushindilia, risasi mbili, fataki mbili za kuwashia, na baruti ya kutosha milio miwili. Akataka kunieleza jambo kuhusu bunduki yake. Nikamwambia apumzike, mimi nimezoea vyombo vya kitaalamu.

Asubuhi ya jaribio watu walijaa kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Nilikuwa nimechagua mitetea wawili wa rangi moja na umri mmoja. Nikawapima uzito kwa mikono mbele ya watu huku nimefumba macho, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote ila lilipendeza. Nikachomeka vigingi viwili, nikawafunga mguu kila mmoja na kigingi chake, nikasimamisha vibao viwili kwa mwandiko wangu mzuri. Kimoja kilisema BILA MAJI, cha pili KWA MAJI. Nikahesabu hatua kumi na tano. Mleta maji akaja, akamnyunyizia kuku wa KWA MAJI mara tatu, akamtia tone moja mdomoni, akarudi kukaa. Kuku akageukia kibao chake akaanza kukidonoa.

Shemeji alisimama mbele kabisa, mikono kifuani.

"Bwana Kopo," alisema, "ukimkosa kuku aliyefungwa kamba, dada yangu nnamrudisha kwetu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilimpenda sana kwa wakati ule. Nilijua kwamba baada ya saa moja atakuwa amekasirika, amenuna, na atakuwa hai.

Kuku wa kwanza hakunipa taabu. Nilitia baruti, nikashindilia kwa makumbi ya nazi, nikatia risasi, nikaweka fataki, nikalenga. Gobori lililia likanisukuma hatua mbili nyuma, na moshi ulipopungua kuku alikuwa chini na mwadhini yuko juu yake. Ukazuka mzozo. Mmoja alisema kuku alikata roho kabla ya kisu, mwadhini akaapa wallahi jicho lilipepesa. Waliokuwa na njaa walikuwa wengi, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba jicho lilipepesa, na kuku akapelekwa kunyonyolewa.

Sasa akabaki wa pili. Na hapo nikafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote katika Rufiji nzima asingelifanya. Mwindaji asingelifanya, askari asingelifanya, mjinga wa kawaida asingelifanya. Lilimtaka mtu aliyeosha makopo ya Mdachi miaka miwili. Nilichungulia ndani ya mtutu nikaona masizi ya baruti ya kwanza. Nikawageukia watu, nikasema kwa sauti ya kufundisha, "Kati ya jaribio na jaribio, chombo huoshwa."

Nikaomba kata ya maji. Nikamimina mtutuni, nikasukasuka, nikamwaga maji meusi, nikamimina tena na tena mpaka yakatoka safi. Watu walitazama kwa heshima. Nikapitisha kitambaa kwa mdeki, mara moja. Jua lilikuwa kali, harufu ya kuku wa kwanza ilikwisha anza kutoka jikoni, na nyuma walianza kusema haraka, haraka. Nikatia baruti, nikashindilia, nikatia risasi, nikalenga.

Fataki ililia. Kisha pakawa na sauti kama ya mtu anayepuliza uji wa moto. Moshi kidogo ukajikongoja kutoka mtutuni. Risasi ikatoka kivivu, ikaanguka hatua mbili mbele ya vidole vyangu vya miguu, ikazama kwenye makapi ya mpunga. Na kwa kuwa kwa mshangao nilikuwa nimeinamisha mtutu, nyuma yake yakachuruzika maji, matone manne au matano, mbele ya macho ya kila mtu.

"Maji!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Imekuwa maji!"

Kelele zilizofuata sijazisikia tena maishani. Watu waliinama kuyatazama yale matone mpaka udongo ukayanywa. Wengine walilia. Mwanamume mmoja, aliyepigwa viboko siku ile ile pamoja na shemeji, alipiga magoti akashika ardhi. Mleta maji mwenyewe alisimama, na naapa kwamba alishangaa kuliko sisi wote.

Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Shemeji alikuja akapekua makapi kwa kidole cha mguu, akaokota risasi, akanionyesha kiganjani.

"Walisema itakuwa maji," alisema polepole. "Mbona hii hapa, ngumu vile vile? Rudia, shemeji. Mara moja tena."

Hakuniita Bwana Kopo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha inuliwa. Watu wawili walikuwa wamenipakia mabegani, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nimeegemea upande, na huko juu nilihisi kama nimezaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Nikamjibu kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja: "Kilichogeuka maji ni nguvu yake! Hiyo uliyoshika ni ganda tu! Jaribio limesema!"

Watu wakayashangilia maneno hayo kuliko walivyomshangilia kuku. Sijui niliyatoa wapi. Wala nisisingizie kwamba nilikuwa nikidanganya. Kwa wakati ule nilisadiki. Nilitoka nyumbani asubuhi nimzuie mtu mmoja asiende vitani, na ilipofika adhuhuri nilikuwa nikiwafafanulia watu wa vijiji vitatu kwa nini waende.

Nyumbani mke wangu aliniuliza jambo moja tu. "Ina maana ni kweli, bwana?" Nikamwambia ni kweli, nimeona mwenyewe. Alishusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi. Yule kuku wa kwanza tulipewa paja lake, nikalila.

Alasiri nilirudisha gobori. Mwindaji alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, homa imempungua. Hakuuliza habari za kuku. Alichukua bunduki yake, akapitisha mdeki wenye kitambaa, akauvuta. Ukatoka na uji mweusi. Akaunusa, akanitazama.

"Nani kaikogesha?"

Nikamweleza habari ya chombo na jaribio. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Baruti ikilowa hailii, wewe! Mtutu ukiuosha, unauanika juani kutwa. Hata watoto wa Mbwera wanajua." Kisha akaacha kucheka. "Umewaambia?"

"Nitawaambia kesho."

Akafunua kikopo chake, akapima baruti ya mlio mmoja, akaifunga kwenye jani pamoja na fataki na risasi. "Kesho bunduki itakuwa imekauka. Njoo uichukue, ukarudie mbele yao. Usichelewe."

Nilirudi nyumbani na lile jani, nikalichomeka kwenye makuti ya paa. Kutoka saa ile nilikuwa najua. Naandika hivi ili asije mtu akanihurumia kwa kudhani nilidanganyika kama wengine.

Siku ya pili niliamka na nia safi. Kabla sijanawa uso, mtu akabisha hodi na kambale mkubwa, zawadi kwa mtaalamu. Nikaona si adabu kuchukua kambale wa mtu na kumwambia nimeharibu. Akaja mwingine, akaja na mwingine. Mchana walifika watu wa Mbwera, kwetu, na kapu zima la kamba wa baharini, na mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa chuo, aliyekuwa akinichapa kwa uzito wa kichwa. Alinipa mkono, akataka nimsimulie. Huyu ningemwambiaje kwamba nilisahau kukausha bunduki? Nikamsimulia tangu mwanzo. Nilipofika kwenye kuosha mtutu nilipita haraka. Kila nilipolisimulia lilizidi kunoga, na jua lilipoelekea kuchwa zile hatua kumi na tano zilikuwa zimefika thelathini.

Nilijiambia kwamba wapiganaji hawataondoka kabla ya Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa mbali. Nilipanga niwakusanye Alhamisi, nirudie jaribio kwa utulivu, nilieleze kosa langu kwa namna ambayo lingeonekana kama sehemu ya elimu. Nilikuwa hata nimeanza kutunga hotuba yake.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne. Jua limekwisha panda, nikasikia ngoma na vishindo vya miguu. Walikuwa wanaondoka. Ilikuja habari kwamba mitumbwi inawangoja Ndundu wavuke mto, basi hawakuona sababu ya kungoja Ijumaa. Walikuwa kama thelathini njiani mbele ya nyumba yangu, mabua ya mtama vichwani, na nilipotokeza mlangoni wakapaza sauti kunisalimu.

Shemeji akaacha safu, akaja mpaka kizingitini. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, ndani, amekumbatia kifurushi cha chakula cha safari alichokifunga kwa kaniki.

"Shemeji," alisema shemeji, kwa sauti ya chini wenzake wasisikie. "Nnakuuliza mara moja tu, na utakalosema ndilo nitakaloshika. Mambo haya wayajua wewe, miye siyajui. Una hakika?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa maneno mawili: nililowesha baruti. Nimeyasema mara nyingi sana tangu siku ile, peke yangu, shambani na mtoni, na kila mara yanatoka bila taabu. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ningeyasema pale, wale watu wenye mikuki wangeniua. Wasingeniua. Nusu yao nililima mashamba nao, nusu walikuwa wamekula kwangu. Wangenicheka. Wangecheka mpaka Ndundu, mwalimu wangu angesikia kabla hajafika Mbwera, na ningekuwa Bwana Kopo mpaka kaburini. Niliogopa hilo tu.

"Umeona kwa macho yako," nikamwambia.

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Mke wangu akapita ubavuni mwangu akamkabidhi mdogo wake kile kifurushi, akamshika mkono kwa muda, akamwachia. Shemeji alipofika njiani akageuka akaniita kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Bwana Kopo! Mpunga wangu ukiiva uvune, usiuoshe!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, wakaenda.

Nilikaa kibarazani mpaka jua la utosini, halafu nikainuka nikawafuata. Nilikwenda mbio, nikatembea, nikaenda mbio tena. Nilipofika Ndundu jua limeinama, mitumbwi ilikuwa inarudi mitupu. Mvushaji akaniuliza kama na mimi navuka. Nikatazama ng'ambo. Nikamwambia nilikuja kuwaaga tu.

Habari zililetwa na mmoja wao aliyerudi baada ya mwezi, bega limefungwa kwa kitambaa. Alikaa kwenye mkeka wetu akasimulia. Walifika kwenye boma la Wadachi huko kusini, wakalishambulia mchana. Bunduki za askari zilipoanza, na ile moja ya kulia mfululizo waliyoiita bombomu, watu walilala chini, maji au si maji, kama yeyote angelala. Shemeji hakulala. Alisimama wima akawa anawaita wenzake. Inukeni, aliwaambia, mimi nilikuwapo, risasi niliiokota kwa mkono huu, na shemeji yangu nimemuuliza mwenyewe. Wakainuka saba. Msimulizi hakuinuka, ndiyo maana alikuwa kwetu akisimulia.

Alipomaliza akanigeukia kwa heshima, kwa upole wa mtu anayezungumza na mjuzi, akaniuliza ni mwiko gani marehemu aliuvunja.

Nikamwambia sijui.

Tulikaa matanga. Nilivuna mpunga wa shemeji, na sikuweza kuutazama bila kumsikia. Njaa ilipoingia, mpunga huo ndio uliotuvusha miezi ya kwanza. Watu wakaacha kusimulia habari ya kuku, kwanza kwa sababu kila nyumba ilikuwa na msiba, halafu kwa sababu kuku wote walikwisha liwa.

Ilipopita arobaini nilimwambia mke wangu. Alikuwa akipepeta mchele uani. Nilimweleza yote: kata ya maji, uji mweusi kwenye kitambaa, kicheko cha mwindaji, baruti niliyoichomeka juu ya vichwa vyetu tukalala chini yake siku mbili. Mchi ulikuwa karibu na mkono wake, na nilitamani auchukue. Hakuuchukua. Alipepeta, akachagua chuya, akapepeta tena.

"Siku moja kabla hajaondoka nilimwambia haendi," alisema mwishoni, bila kuniangalia. "Nikamwambia chakula sikupi, na bila chakula huvuki mto. Akasema, haya, dada, nitamuuliza shemeji, akisita kidogo tu nabaki. Tukapatana hivyo. Nilisimama nyuma yako na kile kifurushi nimekishika kwa mikono miwili nisimpe. Nikakusikia hukusita. Ndipo nikampa."